Matoka ya Kando ya Mto

Nakumbuka siku niliyong'oa matoka ya mama mkwe wangu, mwanangu, na nakumbuka kwamba nilikuwa nikiimba. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, hapa hapa Kiganjo, nje kidogo ya Thika, na jembe lilikuwa jipya. Kama umelelewa mjini huenda huyajui matoka. Ni yale maua yenye kiazi kama kitunguu na majani marefu, ambayo wazee wetu walipanda kuonyesha mwisho wa shamba la mtu. Ukiyang'oa umegusa mpaka, na kwetu kugusa mpaka ni jambo la kuitiwa wazee. Hayo niliyajua, sikuwa mtoto.

Ila nilikuwa na hoja yangu. Matoka yale yalipita katikati ya shamba letu wenyewe, mstari mmoja kutoka upande huu hadi ule, na chini yake palikuwa na ardhi tambarare hadi mtoni. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, na mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya kahawa Ruiru, akirudi Jumamosi. Nilitaka nyumba yangu, mbali kidogo na mama mkwe, ambaye alikuwa mtu mwema lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Yeye alikuwa amejenga juu kwenye mteremko, mahali ambapo hata kuku huchoka kupanda. Nilidhani ni ukaidi tu wa uzee.

Alinikuta nikitupa kiazi cha mwisho.

"Mama Njoki, huo ni mpaka," akaniambia.

"Mpaka na nani, mama? Si huku ni kwetu, na huku pia ni kwetu?"

Alinitazama, akautazama mto, kisha akageuka akaenda zake. Mimi nikajiona nimeshinda. Husemwa kuuliza si ujinga, lakini kuna mtu huuliza akitaka jibu, na kuna mwingine huuliza ili mwenzake anyamaze. Mimi nilikuwa huyo wa pili.

Tukajenga nyumba ya mabati ya vyumba viwili pale chini, tukahamia. Binti yetu Njoki, aliyepewa jina la mama mkwe kama ilivyo desturi, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nikienda kazini mama mkwe ndiye aliyekaa naye. Alitaka mtoto apelekwe kwake juu, nikakataa. Nilisema Njoki amezoea kulala kitanda chake, chini ya neti yake. Basi yule mama, na magoti yake mabovu, akawa anateremka kila asubuhi kuja kukaa kwangu. Hakulalamika hata siku moja. Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka leo.

Mwezi wa nne ukaja na mvua zake. Siku yenyewe wala haikunyesha Thika. Jua lilikuwa kali, na wenzangu walikuwa wameanika nguo nyuma ya kiwanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko juu Nyandarua, na maji yalikuwa njiani yakija bila sisi kujua. Saa nane hivi, mwanamke anayeuza chai langoni akaniita.

"Mama Njoki, wewe si unakaa karibu na mto? Wanasema umevunja kingo huko Kiganjo."

Sikuomba ruhusa. Nilikimbia na aproni ya kazi mwilini, na njia nzima niliona kitu kimoja tu, kile kitanda na ile neti. Nilipofika ukingo wa shamba letu sikuona nyumba. Palikuwa na maji ya rangi ya matope, migomba imeng'oka inapita, na bati moja limekwama kwenye ua wa jirani. Nilijua nimeua mwanangu, na bibi yake pia, kwa kupenda tambarare.

Halafu nikasikia mtoto akicheka.

Walikuwa juu, kwenye kizingiti cha jikoni. Njoki alikuwa anakula kiazi kitamu. Mama mkwe alikuwa amelowa hadi kifuani, kanga ya mgongoni bado imefungwa. Aliona povu na vijiti kwenye maji, akajua mara moja kwamba mto unakuja, akamfunga mtoto mgongoni. Maji yalimkuta njiani, akayapita. Nilianguka pale chini nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Uliniuliza mpaka ni na nani," akasema, akaonyesha mto kwa kidevu. "Ni huyo."

Ndipo akaniambia habari ambayo hata mume wangu hakuijua. Kabla mume wangu hajazaliwa, mama huyu alikuwa na mtoto wa kwanza, mvulana wa miaka minne. Nyumba yao ilikuwa pale pale nilipojenga yangu. Mto ulimchukua mchana, jua likiwaka vilevile. Maji yalipoondoka, yeye na mumewe walifuata mstari wa takataka zilizoachwa na mto, wakapanda matoka juu yake.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia vipi? Sijawahi kulitamka jina lake tangu siku ile."

Mwanangu, kosa lilikuwa langu, lakini kimya chake nacho kilikaribia kutumaliza. Ndiyo maana mimi nasema, hata wakiniona mzee wa maneno mengi.

Kesho yake alileta gunia kutoka nyuma ya jikoni. Viazi vya matoka nilivyotupa vilikuwa humo vyote, alikuwa ameviokota. Tukavipanda tena, safari hii hatua tatu juu zaidi, pale takataka zilipoishia.

Juzi mjukuu wangu Mwangi, mtoto wa Njoki yule yule, alikuja kutoka Mwiki na tepu ya kupimia.

"Shosho, hii tambarare inakaa bure. Si niweke bedsita nne za kupangisha hapa?"

Huyu kijana mwenyewe huko Mwiki anapanga, na mvua zilizopita alibeba godoro kichwani maji yakiwa magotini. Sikumkaripia. Nilimkalisha nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, pamoja na jina la yule mtoto, aliitwa Karanja. Kisha nikampa jembe, maana kwa mvua hizo hizo mto ulivuka matoka yetu kwa hatua nne, na mgongo wangu haupindiki tena. Alipanda mstari mpya hadi jioni, mama yake akimshikia viazi.

Basi sikia. Ukikuta alama ya mzee mahali na huoni kazi yake, usiing'oe kabla hujauliza, na ukiuliza, ngoja jibu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mto usiuangalie leo ukauamini, waulize wanaoukumbuka. Nawe ukiwa mzee, kitu kilichokuuma kiseme, hata kama sauti itatetemeka, kwa sababu kuna mtu atakayejenga juu ya kimya chako.

Mwangi alipomaliza nilimtemea mate kifuani kumbariki, kama mama mkwe alivyonitemea mimi. Wewe uko mbali, pokea kwa maneno. Mungu akupe mvua ya kuotesha, akupe nyumba mahali pa juu, na watoto wako wote wakuzike wewe, usiwazike wao.