Majivu Juu ya Nyayo

Mimi sisahau. Wengine husema ulikuwa woga wa kipindupindu. Mimi nasema ni roho mbaya, na wenyewe nawajua: keateka, msimamizi aliyewekwa na mwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Huruma, na mama wa kanisa wa chumba cha karibu na geti.

Mke wangu alirudi kutoka hospitali amepona kipindupindu, mwepesi kama gunia tupu. Aliambiwa anywe maji yaliyochemshwa, mengi, kutwa nzima. Ploti yote ilikuwa na mfereji mmoja, bomba la uani. Keateka akasimama mbele yake.

"Fundi, wewe na bibi yako hamgusi hapa. Mtatekewa."

Tukatekewa, ndiyo. Yule mama aliweka nusu debe katikati ya ua, akarudi nyuma kama ameona nyoka. "Mungu anaona, jirani, si chuki." Nusu debe ya kunywa, kupika na kufua nguo za mgonjwa! Mke wangu akaanza kunificha kiu.

Mimi nilikuwa nikikata akala, viatu vya tairi, sokoni Kariokor, na nusu ya ploti walivaa kazi yangu. Hilo hawakulikumbuka. Kila asubuhi walikagua matope ya mferejini. Wakiona meno ya tairi, ni mimi. Wanamwaga majivu juu, eti yaue ugonjwa, wananitukana mlangoni. Siku moja keateka akapiga teke ndoo yetu, ikapasuka, akanionyesha alama ya kiatu pale mferejini.

"Umeiba maji! Mguu wako huu!"

Nikavua akala yangu, nikailaza juu ya ile alama. Alama ikaizidi kwa upana wa vidole viwili. Tena yalikuwa meno ya tairi la lori; yangu ni ya gari dogo. Akala za lori, mle plotini nilikuwa nimekata jozi moja tu, na mwenyewe aliagiza ngumu.

"Keateka, inua mguu."

"Usinizoee!"

"Inua tu, watu waone kazi yangu."

Hakuinua. Mtu akacheka nyuma. Yule mama akaendelea kumwaga majivu, juu ya nyayo za keateka, juu ya zake mwenyewe, eti kwa usalama.

Hakuna aliyesema pole. Waliondoka tu mferejini mmoja mmoja. Nikajaza sufuria, nikaichemsha palepale uani, wakiangalia kutoka milangoni mwao.

Mke wangu aliitazama. "Nani amekupa?"

"Nimeteka mwenyewe."

Ndipo akanywa, kikombe baada ya kikombe. Mlango niliuacha wazi, wamwone.