Mwongo wa Daraja la Kwanza

Baba yangu alikuwa mwongo wa daraja la kwanza. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana hata yeye angekasirika kama ningemweka daraja la pili. Alitulea huko Machakos kwa hadithi ya daraja la chuma alilolijenga kwa mikono yake upande wa Bisil, enzi za mkoloni, na hata alipozeeka akahamia kwangu Noonkopir, hapa Kitengela, alihama na daraja lake. Kila Krismasi liliongezeka urefu. Mama alikuwa akimpakulia nyama huku akimuuliza, "Mzee, leo limefika Arusha?" Baba hakujali. Alisema alizigonga ribiti, ile misumari minene ya kuunganisha vyuma, zikiwa nyekundu kwa moto. Alisema simba alikuwa akikaa ng'ambo akimtazama akifanya kazi. Alisema jina lake, Kioko, limeandikwa kwenye chuma mpaka leo. Na ukimwomba achochee moto tu, alijibu kwamba mwanamume aliyejenga daraja haingii jikoni. Mama alipolazwa hospitalini wiki mbili, mzee aliishi kwa mikate na chai ya jirani.

Alipofariki tulimzika na hadithi yake. Hakuna aliyewahi kwenda kuliona daraja lenyewe. Bisil si mbali, lakini nani apoteze nauli kwenda kuthibitisha uongo?

Mwaka wa pili baada ya mvua ya El Niño, nilipata barua kutoka kwa Simaloi, tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Yeye alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja nje ya Bisil, ng'ambo ya korongo. Mvua ile ilikuwa imelibeba daraja jipya la saruji na kuliacha lile kuukuu la chuma limesimama pale pale. Sasa amekuja mkandarasi kujenga jingine la saruji, na ameruhusiwa kulikata la chuma na kuondoka na vyuma. Alikuwa ameshaleta mtungi wa gesi ya kukatia, lakini simenti hakuna hata mfuko mmoja. Mvua ikinyesha kabla hajajenga, nusu ya watoto hawatafika darasani. Tumaini lilikuwa moja: Alhamisi angekuja afisa wa mambo ya kale, na akiona daraja lina historia, lisingeguswa.

"Mbithe," Simaloi aliandika, "si marehemu mzee wako alikuwa anasema ni yeye alijenga? Kuja useme. Hapa hakuna mtu anajua nani alijenga."

Nilikaa na barua ile siku mbili. Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini na nimewachapa watoto wengi kwa kusema uongo. Wengine sasa ni baba za watu na bado wananikwepa sokoni. Niende kusimama mbele ya serikali na uongo wa baba mkononi? Nikafanya uamuzi wa kialimu. Nitaenda kulitafuta lile jina kwenye chuma. Nikilikuta, nitasema. Nisipolikuta, nitafunga mdomo na kurudi nyumbani.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Kitengela. Niliomba nafasi kwenye lori la mbuzi lililokuwa likienda Bisil sokoni. Lori la mbuzi lina uzuri wake: likienda halina abiria, ni harufu tu. Dereva alikuwa Mkamba mwenzangu, Mutua, mtu wa maneno mengi na breki chache.

"Mwaitu, unaenda kununua mbuzi?" aliniuliza, akiniita mama kwa Kikamba.

"Naenda kuona daraja."

"Daraja? Si hata hapa Athi kuna daraja?"

"Hilo halikujengwa na baba yangu."

Aliniangalia tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Kwani babako alikuwa Mhindi?"

Tukapita Isinya tukiwa tumenyamaza, mimi kwa hasira, yeye kwa sababu alikuwa anakula muwa.

Saa mbili, Kajiado. Tulisimama kunywa chai. Kwenye meza ya mlangoni alikaa kijana aliyevaa tai, ana faili mapajani, na anamuuliza kila dereva anayeingia kama anaenda Bisil. Ndiye yule afisa wa mambo ya kale. Jina lake Wafula.

"Gari ya ofisi iko, madam," alinieleza. "Mafuta ndio haiko."

Hivyo ndivyo serikali ilivyosafiri na mwalimu katika lori la mbuzi. Njiani Wafula alinieleza kazi yake, na nilimhurumia. Alikuwa ametumwa kuandika madaraja yote ya zamani ya chuma katika wilaya, lakini kila anakofika, aliyekuja na gesi ya kukatia ameshamtangulia. Daraja moja alilikuta limekuwa geti la baa. Jingine lilikuwa limegawanywa, na kipande chake kinachoma nyama vizuri sana.

"Watu wanafikiri chuma ni chuma," alisema. "Lakini hizi zilifungwa pembetatu juu ya pembetatu. Hiyo kitu haianguki ovyo. Shida ni hii fomu." Akafungua faili. "Hapa iko nafasi ya mjenzi. Nikirudisha ikiwa tupu, mkubwa wangu anaandika 'halina historia', na imeisha."

Nikaitazama ile nafasi tupu. Ilikuwa ndogo, inatosha jina moja au mawili. Sikumwambia kwa nini nasafiri.

Saa nne, Bisil. Vumbi, kondoo, wanunuzi wakibonyeza migongo ya mbuzi, na wachungaji wakijifanya hawataki kuuza. Simaloi alikuwa amesimama nje ya duka la dawa za mifugo. Tulikumbatiana, tukaambiana kwamba hatujazeeka, kisha tukashika njia ya miguu sisi watatu.

Karibu saa tano tulifika korongoni. Nitasema ukweli: nilivunjika moyo. Daraja ni dogo. Wenyeji wanaliita Daraja la Kwanza kwa sababu kabla yake hakukuwa na lingine, na ukilitazama unaelewa kwamba nao hawakuwa na mahitaji makubwa. Nililipima kwa miguu yangu, hatua thelathini na mbili. Lakini lilikuwa limesimama wima, na vile vyuma vyake vya pembetatu huku na huku havikuwa vimepinda hata kimoja, wakati chini yake vipande vya lile la saruji vililala mchangani kama biskuti zilizomwagika. Pembeni, mtungi wa gesi wa mkandarasi ulikuwa umefunikwa gunia, ukisubiri.

Nikaanza kutafuta jina. Nililitafuta saa nzima, nikainama, nikalala kifudifudi na gauni langu la kanisani. Nilikuta herufi za kiwanda cha ng'ambo. Nilikuta "Paulo anapenda Jane", na chini yake, kwa rangi nyingine, "Jane hataki." Kioko hakuwapo. Kisha nikaona jambo baya zaidi: daraja lote halikuwa na ribiti hata moja. Ni bolti na nati, mwanzo mpaka mwisho. Mtu aliyelijenga kwa mikono yake angejua tofauti. Nilikaa pale juu ya mbao nikamkasirikia baba yangu, marehemu, kwa sauti, kwa Kikamba, mpaka Wafula akasogea mbali kidogo kwa adabu.

Adhuhuri, nyumbani kwa Simaloi. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Mama yake, ambaye shule nzima inamwita Koko, yaani bibi, alikuwa amekaa mlangoni akitunga shanga. Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Yieyo, takwenya."

"Iko," akaitikia. "Wewe ni mtoto ya nani?"

"Wa Kioko, Mkamba aliyekuwa hapa zamani. Alisema alijenga daraja."

Koko aliweka shanga chini. "Kioko? Ile Kioko ya kupika?"

"Kupika nini?"

"Chakula ya kambi. Yeye ndio alikuwa mpishi. Ugali yake ilikuwa inaungua mpaka sisi wasichana tunasikia harufu huku."

Simaloi akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Koko hakuacha. Alisema daraja lilipoisha, mzungu msimamizi alifurahi sana, lakini ng'ombe walikataa kuvuka. Mbao ziliachana kidogo, na ng'ombe akiangalia chini aliona maji. Walipigwa, walivutwa pembe, wakakataa. Siku tatu. Wazee wakasema basi, hiyo ni daraja ya gari, na gari lenyewe lilikuwa moja.

"Sasa Kioko akatoka jikoni na gunia ya chumvi," Koko alisema. "Akatembea nyuma-nyuma, hivi, akiweka kidogo, kidogo, mpaka ng'ambo. Ng'ombe zikafuata, zikilamba. Ya baba yangu ndio ilikuwa ya kwanza. Tangu siku hiyo hazijawahi kukataa."

"Na mzungu?"

"Jioni akakula chakula haina chumvi. Asubuhi akamfukuza kazi."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Maisha yake yote mzee yule alikuwa na ukweli mzuri kuliko uongo wake, akauficha kwa sababu ulikuwa na sufuria ndani yake. Aone aibu kuwa mpishi, aone aibu kufukuzwa, halafu atutengenezee simba! Nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote ya uhai wake, na nilitamani awe hapo nimkaripie.

Saa nane, mkutano, kando ya daraja. Mchungaji alifungua kwa maombi marefu kuliko daraja lenyewe. Mkandarasi, mtu mnene mwenye kofia safi, alisema maendeleo hayarudi nyuma na kwamba anawapenda watoto kuliko wazazi wao. Kisha Wafula akauliza kama kuna anayejua historia ya daraja. Koko akasimama akaeleza ya ng'ombe na chumvi, yote, na watu wakapiga makofi.

Wafula alikuna kichwa kwa kalamu. "Koko, hiyo ni nzuri sana. Lakini fomu haina nafasi ya ng'ombe. Nataka mjenzi, na jina ya huyo mzungu hakuna anayeijua."

Mkandarasi akatabasamu akamtazama kijana wake aliyekaa juu ya mtungi. Wanafunzi wa Simaloi, wale wanaovuka kwenda shule, walikuwa wamejipanga kwenye daraja na sare zao, na mmoja alikuwa amening'iniza miguu hewani bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyekaa kwao.

Nikasimama. Naapa sikukusudia.

"Mjenzi ni Kioko, baba yangu mzazi," nikasema. "Alilijenga kwa mikono yake. Ribiti alizigonga zikiwa nyekundu kwa moto, na simba alikuwa anakaa pale ng'ambo akimtazama."

Wafula akaliangalia daraja. Akaniangalia mimi. "Ribiti, madam?"

"Bolti," nikasema. "Ribiti ni za madaraja yake mengine."

"Huyu mama ako na ushahidi gani?" mkandarasi aliruka. "Si tumeambiwa saa hii alikuwa mpishi?"

Koko alisimama tena, polepole, akajifunga shuka vizuri. Aliniangalia kwa muda, na mimi nikaangalia viatu vyangu. "Mimi niliona na macho," akasema. "Asubuhi anapika, mchana anajenga. Ata hiyo simba naijua."

Wafula aliinama akaandika. Jina lilitosha vizuri katika nafasi ile. Kabla jua halijashuka alikuwa ameandika namba kwa rangi nyeupe kwenye chuma cha kwanza, na mkandarasi ameambiwa ajenge lake mbali kidogo, huko chini, akipata simenti. Mtungi wa gesi ulirudishwa kwenye gari lake. Simaloi alinishika mkono akaniambia, "Asante, mwongo," nami nikamwambia hilo ni jina la ukoo.

Jioni, njia ya kurudi. Lori sasa lilikuwa na mbuzi, na wote walikuwa na maoni. Mutua aliniuliza, "Mwaitu, ilikuwa ya babako kweli?" Nikamwambia ndiyo. Hakunitania tena mpaka Kitengela.

Wanasema safari ni shule, na mimi kama mwalimu sina budi kutoa somo. Tangu siku ile simchapi mtoto kwa uongo kabla sijamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu huwezi kujua kinachofichwa jikoni. Habari za jikoni sikumwambia mtu wa kwetu. Mzee alizificha miaka yote hiyo, na si mimi wa kuzimwaga.

Krismasi ilipofika tulikusanyika kwangu. Ndugu yangu akaniuliza, kwa lile tabasamu lake, "Basi wewe uliyeliona, lina urefu gani?"

Hatua thelathini na mbili. Nilizihesabu mwenyewe.

"Sitini na kitu," nikasema. "Na hiyo ni bila kuhesabu pale simba alipokuwa anakaa."

Mama aliacha kupakua nyama. Alinitazama muda mrefu, mwiko ukiwa hewani. "Mbithe," akauliza, "limefika Arusha?"

"Bado, mama," nikasema. "Hebu nipitishie chumvi."