Dawa ya ini niliyoichemshia kwenye sufuria ya mume wangu

Wakuu, habari zenu.

Mnivumilie, ni ndefu kidogo. Sina cha kupata kwa kudanganya mtu humu. Yote yametokea nyumbani kwangu, Magarama, hapa Gitega.

Mimi nimekulia Tanzania. Tuliporudi Burundi wazazi walikwenda kulima Mwakiro, kule Muyinga, na mimi nikaolewa na fundi sufuria. Mume wangu Radjabu anayeyusha vyuma chakavu, anamimina kwenye kalibu, sufuria zinakwenda sokoni. Ni kazi ya baba yake na babu yake.

Sasa kwao kuna desturi. Kalibu mpya ikitengenezwa, sufuria ya kwanza haiuzwi. Mke wa fundi ndiye anayeletewa nyumbani. Jiko langu lote ni sufuria za kwanza, na nilikuwa najidai nazo mpaka majirani wananitania.

Mwaka huu Radjabu akaanza kuchoka. Tumbo linauma, chakula hataki. Halafu macho yakawa ya njano. Nilipoyaona nikampeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Hospitali walipima homa ya ini, hawakuiona. Daktari akauliza anafanya kazi gani. Aliposikia kwamba kwenye vyuma vyake kuna betri na radieta za magari akasema ini linaumizwa na madini, hasa risasi, ile ya kwenye betri, inayoingia na moshi na vumbi. Aache tanuri kabisa. Damu ikachukuliwa ikapimwe mbali, sisi tungoje.

"Mi nafanya kazi hii toka utoto," Radjabu akamwambia. "Moshi ingekuwa inauwa, baba hangezeeka."

Lakini aliacha, maana hata koleo hakuweza tena kuinua.

Mimi kungoja siwezi. Nikaanza ku-google. Nikakuta habari za panya wa maabara: wanapewa risasi, wengine wanaongezewa maji ya majani fulani, na maini yao hayaharibiki sana kama ya wenzao. Mti mmojawapo ni huu wetu mchungu, umubirizi. Mama anao uani Mwakiro. Nikampigia.

"Nitakutumia kwa gari," akasema. "Ila chemshia kwenye chungu cha udongo, mwanangu. Na utie ndimu, mkwe wangu hatauweza ule uchungu."

Chungu cha udongo, wakuu. Mke wa fundi sufuria anunue udongo, mtaa mzima unaona? Nikachukua sufuria kubwa kuliko zote. Majani na ndimu vikawa vinashinda humo, na Radjabu anakunywa asubuhi na jioni, uso kaukunja.

Hakupata nafuu. Moshi ameacha, dawa anakunywa, lakini tumbo linazidi na mikono inakosa nguvu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akilala kidogo tu namsogelea kusikiliza kama anapumua.

Siku moja namwaga majani yaliyochoka, nikaona ndani ya sufuria. Juu ni nyeusi ya kawaida. Chini, pale dawa inapofika, imekuwa nyeupe kama mtu kaisugua na mchanga, na ina vitundu vidogo vidogo. Sikuwa nimeisugua. Nikampelekea Radjabu kitandani.

Alipitisha kidole humo ndani muda mrefu.

"Mama Zaina, hii njo ya kwanza ya ile kalibu kubwa."

"Najua. Imefanya nini?"

"Ya kwanza iko ya kujaribia tu. Hatutiaka alumini ya muzuri, kalibu inaweza haribika. Tunatia mabaki ya chini ya tanuri. Betri, radieta, vyote."

Ndimu ilikuwa inaila sufuria, na mume wangu anainywa.

Tulikwenda kwa daktari nayo mkononi. Majibu ya damu yalikuwa yameshafika, risasi ni nyingi, lakini hakutugombeza. Alisema majani huenda yana faida, hajui, lakini wale panya walipimiwa kipimo, hawakuchemshiwa kwenye betri. Dawa za kienyeji tuzisimamishe kwanza.

Kisha akauliza, "Na chakula cha nyumbani mnapikia nini?"

Nikamwambia: sufuria za kwanza, zote.

Leo macho ya Radjabu yameanza kurudi meupe. Juzi alikwenda sokoni mwenyewe, akapita katikati ya Magarama amekumbatia vyungu viwili vya udongo, mafundi wenzake wanamtazama. Sufuria zangu zote amezitoboa ili mtu asipikie tena. Nililia, nakiri.

Nilichojifunza: kabla hujatafuta dawa, angalia chombo utakachoitilia. Na usiache kungoja vipimo vya hospitali kwa sababu ya panya wa kwenye simu, kama nilivyotaka mimi.

Kama hapo kwako kuna sufuria ya kienyeji, nenda kaitazame chini sasa hivi, halafu urudi uniambie umeona nini. Na kama kuna mzazi humu ambaye mtoto wake alishapimwa risasi akapona, tafadhali aandike, hata mstari mmoja.

Wanangu, Zaina na mdogo wake, wamepikiwa uji kwenye sufuria za kwanza tangu walipoanza kula. Damu yao imechukuliwa. Majibu bado, na kila asubuhi nawapeleka mlangoni kwenye mwanga, nawaangalia macho.