Surutia Zangu na Bamba la Pikipiki

Nakumbuka siku mume wangu Loserian aliporudi kutoka kwa mzungu akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Nikadhani ameungua. Akaniambia hakuungua. Mzungu amempa mkono, mkavu, bila mafuta.

Wewe mjukuu wangu huwezi kuelewa, umezaliwa watu wameshaacha mambo hayo. Sisi tulikuwa ukoo wa wahunzi. Enzi za Mjerumani, Mwarusha akija kwetu kuchukua mkuki au kisu, anapaka kwanza mafuta kiganjani ndipo akiguse, asije akachafuka na mikono yetu. Mikuki waliitaka, sisi hawakututaka. Binti zetu waliolewa na wahunzi wenzetu tu. Sasa mtu aliyeishi hivyo tangu anatambaa, akipewa mkono mkavu na bwana mwenye bunduki na shamba la kahawa, unadhani atapata usingizi?

Mzungu huyo alikuwa na pikipiki, na wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona nyingine. Ikipita Ngarenaro mbuzi wanakata kamba. Alitaka bamba la chuma la kufungwa kwenye usukani, lenye matundu mawili, moja la saa na moja la dira, ili aende huku anaziona. Akamwahidi Loserian kwamba akilitengeneza vizuri hatakamatwa tena kwenda kazi ya barabara. Ahadi hiyo haikuwa ndogo. Vijana walikuwa wanachukuliwa hata malishoni, kwa kiboko. Kaka yangu alirudi kutoka huko hawezi kuinama, na hakuinama tena mpaka anakufa.

Basi Loserian akakata bamba kwenye chuma cha mkokoteni uliovunjika, akatoboa matundu kwa tindo, akalisugua kwa mchanga wa mtoni mpaka likateleza. Fundi alikuwa fundi, siwezi kumnyima haki yake hata kwa hasira niliyonayo. Lakini saa ilimshinda. Akiibana kwa pete ya chuma, pikipiki ikitikisika kioo kinapasuka. Akiilegeza, saa inachomoka. Ilitaka pete laini, ya shaba, na dira nayo vivyo hivyo. Na waya wa shaba dukani ulikuwa umekwisha, mwenye duka anasubiri mzigo kutoka pwani.

Ndipo akanitazama masikioni.

Nilikuwa nimevaa surutia, zile duara mbili za waya wa shaba, alizonifulia mwenyewe nilipoolewa. Mke havui surutia mume akiwa hai. Mume hatakiwi hata kumwona mkewe bila hizo. Zinavuliwa siku anapokufa.

"Nitakufulia nyingine mzigo ukifika," akasema, bila kunitazama usoni.

Mama mkwe alikuwa anakamua. Akaweka kibuyu chini. "Loserian, unamvua mkeo na wewe ungali unapumua? Unajiita maiti?"

"Yeyo, mama yangu, yule ananishika mkono mkavu. Waarusha hawa wanapaka mafuta."

"Hapaki kwa sababu hajui. Mtu asiyejua kukudharau, wewe unasema anakuheshimu?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Guu lingekuwa nafuu yetu. Nilizivua mimi mwenyewe, kwa mikono hii, maana nilimpenda na sikutaka arudi kwangu na mgongo kama wa kaka yangu. Mama mkwe akageuza uso akaendelea kukamua.

Bamba lilipendeza, mwanangu. Saa huku, dira kule, kila moja imekaa ndani ya duara langu, inang'aa. Mzungu akalipigapiga kwa kidole, akacheka, akamshika tena Loserian mkono. Ikapita miezi hakuna askari aliyegusa mlango wetu. Loserian akawa anatembea kifua mbele, hata mimi nikaanza kuona mama mkwe anang'ang'ania mambo ya zamani. Mzigo wa shaba haukufika. Ilifika vita ya Mjerumani na Mwingereza.

Mzungu alikuja mwenyewe nyumbani. "Fundi, pikipiki inakuhitaji." Loserian akamkumbusha ahadi, kwa adabu. Akajibiwa kwamba ahadi ilikuwa ya barabara, na hii ni vita. Wakaondoka kuelekea Longido, mmoja amepanda, mwingine anakimbia nyuma na madebe ya mafuta begani. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakukuahidi kitu, yule aliahidi.

Siku waliporudi nilikuwa njiani na kuni. Pikipiki ilikuwa imefungwa kwenye miti, wanaume wanne wameibeba kama mgonjwa, magurudumu yamechakaa. Mzungu anatembea nyuma. Nikatazama nyuso za wote. Kisha nikaziona surutia zangu kwenye usukani, safi, hata mkwaruzo hazina.

"Bwana, yuko wapi Loserian?"

Hakulijua jina. Mmoja wa wabebaji akamweleza kwamba naulizia fundi. "Aa, fundi," akasema. "Alibaki njiani. Homa." Akagusa bamba. "Kazi yake nzuri. Saa haijasimama."

Wakapita. Nikaenda nyumbani kumwambia mama mkwe. Akalia, kisha akaja na mafuta kunifanyia mambo ya mjane, kama desturi. Akapeleka mikono masikioni mwangu ili anivue. Mikono yake ikakuta masikio matupu. Akaishusha, akanipaka mafuta, na mpaka leo natamani angenitukana.

Sasa na wewe umekuja na habari za tajiri wako wa mjini, eti anakula nawe sahani moja, anakuita ndugu, na unataka mama yako auze ng'ombe ili umkwamue. Sikukatazi kula naye. Kula, ushibe. Ila mtu asiyekutenga si lazima awe anakupenda, huenda hana habari nawe kabisa. Mpe kazi ya mikono yako. Cha mwilini mwa mama yako, cha mwilini mwa mkeo, usikivue kupambia chombo cha mtu asiyelijua jina lako. Na mzee akiweka kibuyu chini ili aseme nawe, simama umsikilize.

Engai, Mungu wetu, akupe miaka mingi, akupe mke wa kuzeeka naye. Na siku yako ikifika, wajukuu wakiwa wamejaa uani, mkeo awe na cha kuvua.