Bakuli la Zuhura

Usiku ule nililala bila kula, kama nilivyozoea tangu Ramadhani ipite. Daktari alishaniambia kwamba huo si uvivu, ni sonona. Akanipa vidonge, kisha akauliza, "Una mtu wa kuzungumza naye?" Nikajibu ninaye. Niliongopa. Mtu wangu alikuwa dada yangu Zuhura, anayekaa mtaa wa pili hapa hapa Tanga, na tulikuwa hatusemezani.

Kosa lilikuwa langu. Alikuja na bakuli la futari, akanikuta sijaoga siku ya tatu, akasema, "Amka, mdogo wangu, nikuchemshie maji." Nikamfukuza kwa maneno ambayo siyarudii hapa. Bakuli likabaki kwangu. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Utatia chochote, hata vitumbua viwili. Nami sikuwa na nguvu ya kuwasha jiko, nikawa najiambia nitapika kesho, nipike kitu cha maana, ndipo nimwombe radhi. Kesho hiyo ikawa miezi minne.

Basi ndotoni nikajikuta uani kwa bibi yetu mzaa mama, aliyetulea sote wawili na aliyefariki mwaka juzi. Jua la asubuhi. Amekalia mbuzi ya kukunia nazi, lakini hakuni nazi; anasugua bakuli la Zuhura kwa majivu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," akasema, kwa utani wake ule ule. "Umekonda hivyo! Sasa babu yako ataona mimi ndiye mrembo."

Nikacheka. Nikiwa macho sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka.

Namwambia, "Bibi, sina cha kutia humo." Anazidi kusugua. Ua unakuwa ukumbi wa hospitali, tumekaa benchi moja, bakuli lipo mapajani mwake. Na wote waliokaa pale wana mabakuli yao, matupu, kila mmoja amelifunika lake kwa viganja ili mwenzake asione. Nawaonea huruma. Kisha benchi halipo, tunatembea, yeye mbele, nyayo zake haziachi alama kwenye mchanga. Tunasimama mlangoni kwa Zuhura. Ndani nasikia anakohoa, anasogeza sufuria, na moyo unaniuma kwa kumkosa.

Bibi ananipa bakuli. Ni jeupe, safi, halina kitu.

"Bibi, si wewe uliyetufundisha? Mkono mtupu haulambwi."

"Haulambwi," akasema. "Lakini unashikwa."

Nikageuka nimuulize zaidi. Hayupo.

Nikaamka, kumekucha. Nilikaa kitandani nikilia kidogo, kilio chepesi, si kile cha siku zote. Nikameza kidonge changu, nikanawa uso, nikalitoa bakuli kabatini, nikalifuta vumbi. Sikutafuta cha kutia. Nilitoka haraka, maana najijua, ningekaa tena nisingeinuka.

Zuhura alifungua mlango akiwa na tambara mkononi.

"Shikamoo, dada. Nimelileta tupu."

Alilitazama bakuli, akanitazama mimi. Sikuwa nimemwambia nilichoota, wala hakuwa ameuliza.

"Nipe mkono," akasema. "Hapo kizingitini panateleza, nimetoka kudeki."