Masufuria ya Msiba

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, maana ndiyo siku niliyoanza kuogopa watu wasife. Usicheke. Nilikuwa bado mama kijana hapa Kambarage, na kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilinichagua kuwa mtunza vyombo. Masufuria makubwa ya kupikia msibani yalikaa sebuleni kwangu.

Baba yenu alikuwa Masumbwe kwenye machimbo. Kila akipiga simu ni hilohilo: duara, shimo lao la kuchimba, limekaribia kutema dhahabu, nitumie hela ya kulisha wachimbaji. Nikaenda kukopa kwa wale wakopeshaji wa riba kali, kausha damu, hata leseni sikuwauliza. Haraka haraka haina baraka. Duara likatema maji matupu, riba ikawa inapanda kila wiki. Nililipa mpaka nikapita nilichokopa, na bado wananiambia nadaiwa! Asubuhi moja wakaja na kirikuu, kale kagari ka mizigo, wakabeba makochi, wakabeba na masufuria.

"Jamani, hayo si yangu, ni ya msiba!" nikapiga kelele.

"Mama, kila mtu husema hivyohivyo," mmoja akanijibu, akapandisha la mwisho.

Sikumwambia mtu. Nikaanza kuishi roho mkononi. Mtu akilia mtaani, natoka mbio kusikiliza nani kafa, maana masufuria yangeulizwa. Kumbe mtoto kachapwa. Na Mayu Holo, bibi mwenyekiti wa kikundi chetu, alikuwa kitandani anaumwa. Weee, nilivyomuuguza! Uji asubuhi, uji jioni, nikimkanda miguu na kumhimiza dawa. Majirani wakanisifu kwa moyo mwema, nami nilitamani ardhi inimeze.

Mara gari la matangazo likapita: serikali imewafungia wakopeshaji wale, hawana leseni. Aliyechukuliwa mali au kutozwa riba ya kuumiza afike ofisi ya kata adai haki yake, mwisho Ijumaa. Sikwenda. Ningesimamaje mbele za watu niseme vyombo vya msiba vimechukuliwa kwa deni langu?

Alhamisi jioni nikampelekea Mayu Holo uji. Akanishika mkono.

"Mama Kulwa, unaniombea nipone kwa kunipenda, au kwa sababu ya masufuria?"

Uji ukanimwagikia.

"Nilikiona kirikuu dirishani kikipita na masufuria yetu," akasema. "Nikangoja useme mwenyewe. Mficha uchi hazai, mwanangu. Wakopeshaji watembee kifua mbele, wewe uliyedhulumiwa ndiye uone haya? Yaya! Hapana! Kesho uende."

Nikaenda. Nikakuta foleni ya watu ninaowajua, hata mwenye duka wa mtaani ambaye nilikuwa nakwepa macho yake kwa aibu. Kumbe kila mmoja alidhani yuko peke yake. Nikaeleza yote. Ofisa akawaamuru wale watu warudishe vyombo na kile walichonitoza kupita haki. Hela ilikuja kwa kuchelewa, tena nusu nusu, lakini ilikuja. Masufuria yakarudi, moja limebonyea ubavuni. Kikundi kilinisema sana, na nilistahili.

Mayu Holo alifariki baada ya mavuno. Nilipika wali wa msiba wake katika lile lililobonyea. Nikalia, mwanangu, nikalia mpaka sauti ikakauka, maana safari hii nilikuwa namlilia yeye.

Basi nisikilize. Ukitaka kukopa, uliza leseni kabla hujauliza hela, wala usitie saini usichokisoma. Ukidhulumiwa, sema mapema. Haki ikija mtaani kwako, usiifungie mlango kwa aibu. Na cha watu ulichokabidhiwa, kikipotea, waambie wenyewe kabla hawajakihitaji.

Mungu akupe jirani wa kukuuliza swali gumu ungali na nafasi ya kulijibu. Siku ya kuliliwa kwako iwe mbali sana, na ikifika, wakulilie wewe.