Mchicha Juu ya Mwalo wa Zamani

Mchicha wangu ulikuwa mzuri mno, na shida yote ilianzia hapo. Majani mapana, kijani iliyokolea, shina laini la kuvunjika kwa kidole. Wanawake walikuwa wanakuja na mabeseni asubuhi na mapema, wanagombania matuta. Mimi nimeuza wali maharage machimboni huku Geita miaka mingi, nimechochea moto mpaka macho yakawa yanatoa machozi yenyewe bila kilio. Nilipopata kile kipande cha shamba bondeni nikasema sasa na mimi nimepumzika, nitakula jasho langu nikiwa nimekaa kwangu. Wala sikujisumbua kuuliza kwa nini mwenyewe alikiuza kwa bei ya kutupa.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu mmoja, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki. Alikuja kununua mboga, akasimama katikati ya matuta, akaangalia huku na huku.

"Hee! Kumbe shamba lako ndiyo hapa? Si ndiyo palikuwa na mwalo hapa?"

Mwalo, kwa sisi watu wa machimboni, ni mahali wanapooshea mchanga uliosagwa ili kupata dhahabu. Wanauosha kwa maji na zebaki, dhahabu inashikana na zebaki, na yale maji machafu yanamwagwa hapo hapo. Nilipika chakula karibu na mialo miaka yote ile, naijua vizuri. Nikamuuliza ana uhakika gani. Akaniambia kaka yake aliosha mchanga hapo hapo, chini karibu na kijito, kabla watu hawajahamia kwingine.

Binti yangu, aliyeolewa Tinde, alikuwa amekuja kwangu kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Kliniki walimwambia damu yake ni ndogo, ale mboga za majani. Na mimi mama yake, kwa mapenzi yangu yote, nikawa namjazia sahani ya mchicha kila siku. Wa juu karibu na jiko, wa chini kule kijitoni, wowote uliokuwa umestawi. Kuanzia siku hiyo niliacha kuuchuma, na nilitaka jambo moja tu hapa duniani: mtu wa kuniambia kama nilikuwa namlisha mwanangu mboga au sumu.

Nilianza kwenye ofisi ya kata, maana ndiyo ya karibu. Chumba cha kilimo kilikuwa na kufuli. Nikaambiwa afisa yuko vijijini. Nikarudi siku nyingine, kufuli. Nikasema hawa wananichezea. Nikachota udongo wa bustani, nikautia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo, nikapanda gari kwenda wilayani.

Kwenye ofisi ya kilimo nilimkuta baba mmoja mpole, kanikaribisha vizuri, kanipa kiti.

"Umefuata mbolea ya ruzuku, mama?"

"Hapana."

"Mbegu?"

"Hapana, baba. Nataka mnipimie udongo kama una zebaki."

Akashusha kalamu. Akasema mambo ya zebaki ni ya madini, siyo ya kilimo. Akanionyesha jengo la pili. Haya, nikaenda madini. Huko kijana mmoja akaniuliza kama nina leseni.

"Leseni ya mchicha?" nikamuuliza.

Hakucheka. Akaeleza kwamba wao wanashughulika na wenye leseni, na mwalo ule sasa hauna mwenyewe, kwa hiyo niende mazingira. Mazingira nikaambiwa mhusika amesafiri, nije Jumatatu. Nikakaa kwenye benchi la koridoni na mfuko wangu mapajani, sina mbele wala nyuma. Pembeni yangu mwanamume mmoja aliyevaa saa kubwa alikuwa anautazama ule mfuko kwa jicho la wizi. Akanisogelea, akanong'ona.

"Mama, mawe ya wapi hayo? Usiwaonyeshe hawa. Tuongee mimi na wewe."

Jamani! Hapo ndipo nilipolipuka. Nilisimama nikasema kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka getini. Nikasema siyo mawe, siyo dhahabu, ni udongo wa mchicha, na mwanangu ana mimba, na tangu asubuhi napigwa danadana kama mpira, na kama hakuna ofisi ya kumsaidia mtu anayelima basi waandike mlangoni tujue moja. Milango ikafunguka, vichwa vikatoka. Baada ya hasira kikaja kilio. Sikukizuia.

Mama mmoja wa makamo alitoka kwenye chumba cha mwisho, akanishika mkono, akaniingiza ndani kwake. Alikuwa wa kilimo pia, ila hakuwapo nilipofika mara ya kwanza. Akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu. Kisha akauliza:

"Umeshaonana na afisa ugani wa kata yenu?"

"Mlango wake una kufuli, mama. Mara zote."

"Utakuwa na kufuli tu. Ofisi yake ni pikipiki. Vijiji vyote vile ni vya kwake peke yake. Binti mrefu, anavaa buti za mvua, ana pikipiki nyekundu. Kwani hujawahi kumwona?"

Nikanywea. Kumwona? Nilikuwa namwona kila wiki! Kijiji kizima kilikuwa kinamwona na kumkimbia. Alipoletwa mara ya kwanza, waosha mchanga walieneza habari kwamba ni mtu wa serikali anayekuja kufunga mialo, basi pikipiki ile ikisikika tu watu wanatawanyika, na sisi tusio na mwalo tunafunga milango kwa kuwaunga mkono. Mimi mwenyewe niliwahi kumjibu nikiwa dirishani kwamba mwenye nyumba hayupo. Na alikuwa ananitafuta mimi, kwa sababu ya bustani.

Yule mama alimpigia simu pale pale. Akanieleza kwamba zebaki si kitu cha kupima kwa macho, kuna maabara ya serikali Mwanza, na njia ya kupeleka udongo huko inaanzia kwa yule yule binti. Akautazama mfuko wangu, akatabasamu, akasema huo nirudi nao, maana udongo wa kupima huchukuliwa kwa utaratibu wake.

Kesho yake nilimsubiri barabarani. Niliposikia pikipiki nikasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Akafunga breki, akavua kofia ngumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye kilimo?"

"Ndiyo mimi," akasema. "Na wewe ndiye mwenye nyumba ambaye hayupo."

Nilicheka mpaka nikashika mti. Kwa kweli nilimpenda tangu dakika hiyo. Alikuwa na umri sawa na binti yangu, sura imejaa vumbi, na Kisukuma chake kilikuwa cha kubahatisha, anasema "mayu" yaani mama, halafu neno linalofuata linamshinda. Lakini alipoingia shambani utani ulikwisha. Alitembea shamba lote kimya. Akaniuliza maji ya mvua yanatoka wapi na kuelekea wapi, mwalo ulianzia wapi, matuta yapi ni ya zamani. Kisha akaniambia wazi kwamba hajui.

"Sitakudanganya, mama. Uzuri wa majani hausemi kitu. Mpaka majibu yatoke, msile, usiuze, na mbuzi wasiguse. Na nesi wa kliniki aambiwe."

Nilimwamini kwa sababu alisema hajui. Alichimba vishimo vidogo sehemu nyingi upande wa juu, akachanganya udongo wake, akafunga. Akaosha vifaa vyake, akarudia upande wa chini, akaufunga huo peke yake. Akaandika alama, akapakia, akaondoka. Watu walikuwa wamesimama ng'ambo ya uzio wanatazama. Mimi sikuwajali.

Laiti ningejali! Mtu wa serikali, anachimba vishimo, anafunga udongo kwenye vifuko, tena bondeni, tena Geita. Kesho yake nilifungua mlango nikakuta wanaume wamejaa uzioni na masururu na makoleo, wengine sijawahi kuwaona. Wameshaanza kugawana sehemu kwa macho. Kiongozi wao, bwana mkubwa mwenye ndevu za mvi ambaye zamani alikuwa mteja wangu wa wali, akanisalimia kwa adabu zote, akasema wao si wakorofi, mwenye ardhi atapata mgawo wake kwa kila mfuko watakaotoa, kama kawaida ya machimbo.

"Hakuna dhahabu hapa!" nikasema.

"Wote husema hivyo, mama lishe."

"Wanapima sumu! Sumu ya zebaki!"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema akili ya mama huyu ni kubwa, anataka kuwafukuza ale peke yake. Nikapandisha mori, nikashika jembe, sijui hata nilitaka kulifanyia nini. Na hapo ndipo binti yangu alipotoka ndani, tumbo mbele, khanga kifuani, akapita katikati yangu na wao.

"Baba zangu, shikamooni. Mimi nimekatazwa kula mchicha wa hapa. Kabichi yangu inanunuliwa sokoni Buseresere, imelala huko imenyauka, ndiyo nakula. Mtu aliyekalia dhahabu angenilaza njaa hivyo na mimba yangu?"

Kicheko kikafa. Yule mwenye mvi alimwangalia binti yangu, akaangalia matuta, akaangalia kule kijitoni. Alikuwa anaufahamu ule mwalo, bila shaka aliwahi kuosha pale. Akaniuliza taratibu:

"Na ule mchicha ambao mke wangu amekuwa akinunua kwako?"

Nikamwambia sijui. Nikawaambia wote, kwa sauti, kwamba sijui, kwamba nimeacha kuuza tangu nilipoingiwa na wasiwasi, na kwamba majibu yakitoka kila mtu atayasikia hapa hapa uzioni, yawe mazuri au mabaya. Nilijua nazika biashara yangu kwa mdomo wangu. Lakini nilipomaliza nikaona kifua kimekuwa chepesi. Wakabeba makoleo yao wakaondoka mmoja mmoja. Mwenye mvi akabaki, akaomba namba ya yule binti wa pikipiki, maana mke wake naye ana matuta ya bamia karibu na mwalo mwingine.

Basi, wiki ile mambo yaligeuka. Pikipiki nyekundu ikisikika, wanawake wanatoka badala ya kujificha. Huyu anauliza kuhusu mahindi yake, yule kuhusu viwavi, na wengi kuhusu zebaki. Yule binti alikuwa anafika kwangu amechoka, anakunywa uji, anasema hajawahi kufanya kazi namna hii tangu aajiriwe, na uso wake unang'aa.

Kungoja majibu kulikuwa kugumu. Kliniki walimpima mwanangu, wakasema mtoto anacheza vizuri, wataendelea kumfuatilia kwa karibu. Yeye hakunilaumu hata kwa neno moja. Ila nilikuwa naona. Nikipika chochote alikuwa anafunua sufuria kwanza, anatazama, ndipo anaketi. Mama mzazi kutazamiwa chungu na mwanawe, we acha tu. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba nalia, nikirudi nasema moshi.

Alijifungua mtoto wa kike kabla majibu hayajatoka. Mzima, mzito, sauti kama ya mpiga mnada. Nikamshukuru Mungu mpaka maneno yakaniishia.

Majibu aliyaleta binti wa kilimo mwenyewe, hakutaka kuyasema kwa simu. Aliniketisha. Upande wa juu, kuanzia jikoni hadi ule mpapai wa katikati, ni salama, tulime na tule. Upande wa chini udongo una zebaki, pasioteshwe kitu cha kuliwa, papandwe miti. Akasema nesi ameshaambiwa, mama na mtoto wataendelea kuangaliwa, na kwamba tumewahi kuacha. Neno hilo la kuwahi nilimfanya alirudie. Nikamwambia "wabeja", asante, nikamshika mikono yote miwili.

Nikaenda uzioni nikawatangazia watu kama nilivyoahidi. Nikang'oa matuta yote ya chini, yale mazuri kuliko yote, nikayafukia huku roho inauma. Siku chache baadaye mke wa mwenye mvi alikuja na beseni. Akasimama upande wa juu, akanionyesha kwa kidole pale alipotaka nimchumie. Wengine wakafuata.

Lakini kabla yao wote nilichuma wa nyumbani. Nikauchambua, nikauosha, nikaukaanga na nyanya, nikaongeza karanga iliyotwangwa. Nikampelekea binti yangu ndani, alikuwa amempakata mtoto. Nikanyoosha sahani, naye akaipokea, lakini vidole vyangu vikagoma kuiachia. Tukabaki tumeishika wote wawili.

Hakuitazama mboga. Alinitazama mimi.

"Mama," akasema, "achia basi. Nina njaa."